Bekoni si kitoweo, ni kiungo

Shemeji yangu alimaliza sahani mbili za maharage kabla hajauliza. Alipofika nusu ya sahani ya tatu akaweka kijiko chini, akainama akanusa kama mtu anayetafuta gesi inavuja wapi, kisha akasema, "Shemeji, humu umetia nini?"

Nikamtajia: vitunguu, nyanya, pilipili manga, chumvi.

"Na nini tena?"

"Maji."

"Shemeji, usinifanye mtoto."

Nilichokuwa nimetia ni vijiko viwili vya mafuta ya bekoni yaliyobaki kikaangoni asubuhi ya siku ile. Chunguni hapakuwa na hata unyuzi mmoja wa nyama. Lakini moshi ulikuwemo, na chumvi yenye utamu wa mbali, na ile harufu inayomwamsha mtu aliyekataa kuamshwa na saa. Nilipomwambia, alikasirika kidogo. Aliona amedanganywa: amekula bekoni bila kuiona.

Jambo lile nilikuwa nalijua kwa mikono kwa miaka mingi, ila siku ile ndiyo nilipata maneno yake. Sisi tunaoipenda bekoni huikosea kwa kuifanya kitoweo. Tunairundika sahanini, tunakula vipande sita, tunashiba, tunatafuta maji, tunajuta. Bekoni ni kiungo. Ndugu zake ni karafuu na pilipili manga, si kuku wala samaki. Ukishaipa nafasi hiyo, utajua uinunue vipi, uipike vipi, ule kiasi gani, na zaidi ya yote, hutamwaga tena mafuta yake.

Jina lenyewe linabeba nyama kadhaa. Kwa Wamarekani bekoni ni tumbo la nguruwe, nyama na mafuta vikipishana kama kitambaa cha milia. Mwingereza akiomba bekoni bila kufafanua, ataletewa ya mgongoni: pande pana la nyama nyekundu lenye mkia mwembamba wa mafuta. Waitalia wana pancetta, tumbo lililotiwa chumvi na viungo ambalo kwa kawaida halipitishwi moshini, na wana guanciale, inayotoka kwenye shavu. Kanada wana ya mgongoni inayoviringishwa kwenye unga wa mahindi. Zamani ulikuwa unga wa njegere za manjano. Njegere zimeondoka, jina la njegere limebaki: kwa Kiingereza bado inaitwa "peameal bacon", bekoni ya unga wa njegere.

Kinachozifanya zote kuwa ukoo mmoja ni chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama, na bakteria asiye na maji hana maisha. Pamoja na chumvi huwekwa naitriti, kiasi kidogo mno, nayo hufanya kazi zaidi ya moja: humzuia bakteria wa sumu ya botulizimu, huipa nyama rangi ya waridi isiyopotea hata motoni, na huleta ile ladha ambayo chumvi tupu haiwezi kuileta. Nimewahi kutia chumvi tupu kwenye tumbo la nguruwe nikalikaanga. Lilikuwa tamu, lakini lilikuwa nguruwe mwenye chumvi. Baada ya hapo huja moshi, kwa zile zinazotiwa moshi, na mti uliochomwa huacha sahihi yake. Moshi wa mtofaa ni mpole. Wa hikori, mti mgumu wa Amerika, unaingia na viatu.

Kabla ya barafu kazi hii ilikuwa ya majira ya baridi tu, na chumvi ilimiminwa bila huruma, maana nyama ingeharibika kabla haijakolea. Katika karne ya 19 ukoo wa Harris, watengenezaji wa bekoni wa mji wa Calne huko Wiltshire, Uingereza, walianza kutumia nyumba za barafu. Baridi ilipofanya sehemu ya kazi ya chumvi, bekoni ikawa laini zaidi, na ikawezekana kuitengeneza mwaka mzima.

Nyingi ya siku hizi hutengenezwa upesi kuliko hapo. Badala ya kuipaka nyama chumvi na kuisubiri, viwanda huidunga sindano za maji ya chumvi, na maji hayo hubaki ndani na kuuzwa kwa bei ya nyama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Utaijua ikifika kikaangoni: inatoa povu jeupe zito, mchanganyiko wa maji na protini, na vipande vinachemka badala ya kukaangika. Soma pakiti. Ikiandikwa kwamba imekaushwa kwa chumvi kavu, lipa kilichozidi kisha nunua pungufu. Karafuu pia hatuinunui kwa debe.

Sasa kikaango.

Kosa nililolifanya kwa miaka karibu kumi ni kikaango cha moto. Nyama ya ng'ombe inakitaka kikaango cha moto, kwa hiyo mkono huzoea: washa, subiri, tupia. Bekoni ikitupwa hapo hujikunja mara moja, kwa sababu nyama husinyaa upesi kuliko mafuta yaliyo jirani yake. Ikishajikunja, sehemu zinazogusa chuma huungua na zilizonyanyuka hubaki na mafuta yanayotafunika kama mpira. Unapata kipande kimoja chenye makosa mawili yanayopingana.

Panga vipande kwenye kikaango cha baridi, jiko likiwa halijawashwa. Kisha mimina maji kidogo, yafunike sakafu ya kikaango tu. (Hapa ndipo shemeji alipodhani namtania.) Washa moto wa wastani. Maji hayapandi kupita nyuzi 100, kwa hiyo dakika za mwanzo hakuna kinachoweza kuungua, na mafuta hupata muda wa kuyeyuka na kutoka taratibu. Sikiliza. Mwanzoni ni sauti ya kuchemka, nzito, ya kububujika. Maji yakikaribia kwisha sauti hubadilika, huwa nyembamba na kavu, kama mvua iliyokuwa ikinyesha majanini ikahamia kwenye bati. Hapo ndipo kukaanga kunapoanza. Punguza moto, geuza, nyamaza.

Rangi haiji kabla ya sauti hiyo, na sababu yake inajulikana. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kinachotokea sukari na asidi za amino zinapokutana kwenye joto. Ndicho kinacholipa ganda la mkate rangi yake, na kahawa iliyokaangwa, na bekoni. Mmenyuko huo unakwenda polepole sana pale penye maji, kwa sababu penye maji joto haliwezi kupanda. Kwa hiyo maji hutangulia kuyatoa mafuta, kisha huondoka ili rangi ije. Ukiona mapovu makubwa yamegeuka kuwa povu jembamba linalofanana na la sabuni, toa vipande hata kama unaona bado. Vitakauka vyenyewe vikipoa. Ukisubiri vikaukie kikaangoni, umechelewa.

Wageni wakizidi watatu sisimami kikaangoni. Natandika karatasi ya kuokea kwenye trei yenye kingo, napanga vipande, naisukuma kwenye oveni ambayo haijapata moto, naiwasha nyuzi 200. Dakika 20, pengine pungufu kidogo kwa vipande vyembamba. Kanuni ni ileile ya kikaango cha baridi: joto lipande pamoja na nyama. Wako wanaoweka wavu wa chuma ili mafuta yadondoke chini. Mimi siweki. Bekoni iliyolala kwenye mafuta yake hukaangika sawasawa kila upande, na wavu wenyewe kuusugua ni adhabu.

Mume wangu anaipenda laini, bado inainama. Mimi naitaka ikatike kwa mlio. Ugomvi huu una umri wa ndoa yetu, na hauna mshindi. Katika mji wa Great Dunmow, Essex, kuna mashindano ya zamani sana ambayo mshairi Mwingereza Chaucer aliyataja tayari katika karne ya 14: mume na mke wanaoweza kuapa kwamba kwa mwaka mmoja na siku moja hawajajutia ndoa yao wanapewa ubavu mzima wa bekoni. Siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne, kwa wakili wa wanandoa na wakili wa bekoni, na watu wa kuamua. Nikiwazia sisi wawili tumesimama mbele ya baraza lile, nasikia swali la kwanza: laini au kavu? Tungerudi nyumbani mikono mitupu.

Turudi kwenye mafuta, maana hapo ndipo penye mali.

Kando ya jiko langu kuna chupa ya jamu iliyokwisha jamu zamani. Kila nikimaliza kukaanga, nasubiri mafuta yapoe kidogo, nayachuja kwa kitambaa chembamba na kuyamimina humo, kisha chupa inaingia kwenye friji. Kuchuja si hiari. Chembe nyeusi zikibaki, mara ya pili zinaungua na kila kitu kinakuwa kichungu. Yakiganda huwa meupe kama mshumaa. Kijiko kimoja kinatosha kukaanga yai ambalo kingo zake zinatoka kama lesi. Viazi vilivyochemshwa nusu, vikapakwa mafuta haya na kutiwa kwenye oveni, hutoka na ganda linalosikika mpaka chumba cha pili. Kabichi, ambayo watu huila kwa wajibu, inaliwa kwa tamaa. Na bisi! Kaanga mahindi ya bisi kwa mafuta ya bekoni, chumvi kidogo sana kwa sababu nyingine imeshaingia, halafu jaribu kuangalia filamu bila kumaliza bakuli kabla ya majina ya waigizaji kupita.

Kuna wakati chupa kama hii ilikuwa suala la taifa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake wa Marekani waliombwa wasimwage mafuta ya kupikia, yakiwemo ya bekoni, bali wayakusanye kwenye makopo na kuyapeleka kwa mwuza nyama, kwa sababu mafuta hutoa gliserini na gliserini hutengenezewa baruti. Uingereza ilikuwa na shida ya aina nyingine: bekoni yenyewe ilikuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza kugawiwa kwa kadi, pamoja na siagi na sukari, tarehe 8 Januari 1940. Mgao ulianza na takriban gramu 113 kwa mtu kwa wiki. Haukufutwa mpaka Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Nimewahi kupima gramu 113 jikoni kwangu. Ni vipande vinne au vitano. Kama kitoweo, ni asubuhi moja. Kama kiungo, zinavuka wiki, na nadhani akina mama wa wakati ule walilijua hilo bila kuandikiwa makala.

Baada ya mafuta hubaki kitu kingine, kile cha kahawia kilichoshika chini ya kikaango. Jungu kuu halikosi ukoko. Mafuta yakishamiminwa, rudisha kikaango motoni, tia vijiko vitatu vya siki, kwangua kwa mwiko wa mti. Rudisha kijiko kimoja cha mafuta, ongeza haradali kidogo, mwagia juu ya mchicha mbichi mchanga wakati bado ni moto. Majani yanalegea kidogo tu, nusu saladi, nusu mboga. Wafaransa wa Lyon wana saladi ya aina hii inayowekewa yai lililopikwa majini juu yake, na kiini kikipasuka kinaungana na siki ile, huhitaji kusema kitu.

Nimejaribu mengi, na si yote yaliyostahili. Nianze na lililonishinda. Desemba 2008 wapenzi wawili wa nyama choma wa Kansas City, Jason Day na Aaron Chronister, walitangaza mtandaoni upishi walioupa jina la "mlipuko wa bekoni": unasuka vipande vya bekoni kama mkeka, unatandika juu yake pauni mbili za soseji, unaongeza bekoni nyingine iliyokaangwa, unaviringisha kama godoro la safari, kisha unatia moshini. Dunia ilichizika. Mimi pia. Nilitengeneza, nikapiga picha, nikakata kipande chenye unene wa kidole gumba. Kilikuwa kitamu kwa matonge matatu. La nne nililimalizia kwa heshima tu, na usiku ule niliamka mara nne kunywa maji. Hakuna anayekula mdalasini kwa bakuli.

Lakini mkeka wenyewe niliubakiza. Chukua vipande sita, vikate nusu, suka sita kwa sita: kimoja juu, kimoja chini, kama mfumaji wa ukindu. Bana kati ya karatasi mbili za kuokea, weka trei nyingine juu ili usijikunje, oka. Unatoka mraba mmoja bapa unaoenea mkate kuliko kipande chochote kilichopangwa sambamba. Mkate, nyanya, saladi, mayonezi, mkeka. Kila tonge lina bekoni na hakuna kipande kinachochomoka chote kwa mara moja na kukuacha na mkate wa nyanya.

Mayonezi ile nayo inaweza kutengenezwa kwa mafuta ya chupa. Usitumie ya bekoni matupu: yataganda kwenye friji na utapata kitu cha kupakwa kwa mwiko wa fundi. Nusu kwa nusu na mafuta ya mimea yasiyo na ladha kali, yakiwa ya uvuguvugu, kwenye kiini cha yai na maji ya limau, tone kwa tone. Inatoka ya rangi ya pembe na inanukia moshi.

Utamu na bekoni ni marafiki wa kweli. Chovya vipande kwenye sukari ya kahawia iliyochanganywa na pilipili manga nyingi na pilipili kali kidogo, laza kwenye wavu (hapa wavu una sababu), nyuzi 180, karibu nusu saa, ukigeuza mara moja. Sukari inakuwa kioo. Chini ya wavu weka karatasi, tena mbili. Mimi nilipoteza trei kwa kujiamini, sukari iliganda kama saruji. Tende zilizotolewa kokwa, zikatiwa lozi moja moja ndani, zikafungwa kwa nusu kipande cha bekoni na kuokwa, ni kitu cha kuficha kabla wageni hawajafika. Chokoleti sikubaliani nayo. Nimechovya, nimekula, nimesoma wanaosifu. Chokoleti huganda na kuifunika bekoni mlio wake, na moshi hupigana na kakao bila mwamuzi.

Jamu ya bekoni ndiyo ninayoulizwa kuliko zote. Nusu kilo ya bekoni iliyokatwa vidogo, ikaangwe mpaka karibu kukauka, itolewe. Acha vijiko viwili vya mafuta, mengine yaende chupani. Tia vitunguu vinne vilivyokatwa vyembamba kwa moto mdogo, nusu saa nzima, mpaka viwe rangi ya kahawia. Usidanganyike na wanaosema dakika kumi. Kitunguu saumu. Kisha robo kikombe cha siki, robo kikombe cha sukari ya kahawia, nusu kikombe cha kahawa nzito isiyo na maziwa. Rudisha bekoni, acha ichemke polepole kama saa moja mpaka mwiko ukipita uache njia. Kahawa hutaisikia kama kahawa. Utasikia tu kwamba utamu umepata mtu wa kuushika mkono. Inakaa kwenye friji wiki moja, ikifika.

Wapishi walioenda mbali kuliko wote nadhani ni wale walioiondoa nyama kabisa. Mwaka 2007, kwenye baa ya PDT huko New York, Don Lee alichanganya wiski ya bourbon na mafuta ya bekoni yaliyoyeyushwa, akaacha vikae pamoja, akagandisha, akachuja. Mafuta yaliganda juu na kutolewa. Ladha ilibaki kwenye wiski. Alkoholi ina uwezo wa kuchukua vitu vya harufu ambavyo maji hayawezi kuvichukua. Mpishi Mwingereza Heston Blumenthal, kwenye mkahawa wake The Fat Duck, aliandaa aiskrimu ya mayai na bekoni kwa kuloweka bekoni iliyookwa kwenye maziwa kisha kuichuja. Hii ya pili nimeijaribu bila mitambo: vipande vitano vilivyokaangwa, nusu lita ya maziwa, usiku mzima kwenye friji, chuja, toa mafuta yaliyoganda juu. Maziwa yale nilitengenezea kastadi. Shemeji alikula akasema, "Leo nakuona, hakuna bekoni humu." Nilimwacha amalize.

Mapenzi haya si yote yaliyozaliwa tumboni, mengine yalipandwa. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Beech-Nut, iliyokuwa ikiuza bekoni, ilimwajiri Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud na mmoja wa waanzilishi wa kazi ya uhusiano na umma. Wamarekani wengi wakati huo walikula asubuhi kidogo tu: kahawa, mkate, maji ya machungwa. Bernays hakutangaza bekoni. Alimwomba daktari awaulize madaktari wenzake kama kifungua kinywa kizito ni bora kuliko chepesi, na maelfu walijibu ndiyo. Magazeti yakapelekewa habari hiyo pamoja na mfano wa mlo mzito: bekoni na mayai. Kila nikisimama kikaangoni asubuhi hujiuliza njaa hii ni yangu au ni ya Bernays. Hainizuii kula. Na baada ya watu kutua mwezini tarehe 20 Julai 1969, mlo wao wa kwanza pale ulikuwa na vipande vya mraba vya bekoni vilivyoshindiliwa. Hapo sidhani kama kuna wakala wa matangazo wa kulaumiwa.

Kuna jambo la afya, na siwezi kulipita kama silioni. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka nyama iliyosindikwa, bekoni ikiwemo, kwenye kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Watu walisoma kwamba tumbaku iko kundi hilohilo wakadhani kipande kimoja ni sigara moja. Sivyo: kundi linapima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Hatari iliyotajwa ni hii: kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa karibu asilimia 18. Neno linalonishughulisha ni "kila siku". Tangu nisome hayo bekoni haijarudi mezani kwangu kama kitoweo cha kila asubuhi. Pakiti iliyokuwa ikiisha Jumamosi moja sasa inakaa wiki mbili, na nyumba inanukia bekoni kuliko zamani.

Wako wasomaji ambao dini yao imewafungia nguruwe, nao hunikumbusha. Ya bata mzinga ni kavu mno; ipakeni mafuta kabla ya kuioka, msitegemee itoe yake. Ya ng'ombe iliyokatwa tumboni ina mafuta ya kutosha, hukubali kikaango cha baridi na maji yake, na mafuta yake pia yana haki ya chupa.

Mwaka jana niliamua kutengeneza yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipima chumvi kwa vijiko. Wiki nzima ya kungoja ikazaa kitu ambacho hata supu ya dengu haikuweza kukimeza. Nilikichemsha mara mbili, nikakitupa. Mara ya pili nilinunua mizani. Kwa kilo mbili za tumbo la nguruwe: gramu 45 za chumvi ya kawaida, gramu 25 za sukari ya kahawia, na gramu 5 za chumvi ya kuhifadhia nyama yenye naitriti asilimia 6.25. Hiyo ya mwisho hutiwa rangi ya waridi makusudi ili isifananishwe na ya mezani, na haipimwi kwa jicho kamwe. Ikizidi ni sumu. Unapaka, unafunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, unaweka kwenye friji siku saba, ukigeuza kila siku. Kisha unaosha, unapangusa, unaiacha wazi kwenye friji usiku kucha mpaka ngozi yake inate kidoleni, kwa sababu moshi hushika vizuri pale. Halafu moshi wa taratibu, mpaka katikati ya nyama ifike nyuzi 65. Ikipoa kabisa ndipo unakata. Ikiwa na vuguvugu inararuka.

Jana shemeji alifungua friji kutafuta maji, akautoa mfuko, akaunyanyua kwenye mwanga.

"Shemeji, hiki nini?"

"Kirudishe."

"Nauliza tu."

"Ukishakigeuza. Leo kilikuwa bado hakijageuzwa."

Akakigeuza kwa mikono miwili, taratibu, akakilaza. Ni siku ya tano. Keshokutwa naiosha.